Kofia ya Buluu, Bendera ya SADC au Makubaliano ya Nchi Mbili: Askari Wetu Avuke Ziwa kwa Njia Ipi?

Machi 13, 2025, wakuu wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, walikutana kwa njia ya mtandao wakaamua kukifunga kikosi chao cha Kongo, SAMIDRC. Mwishoni mwa Aprili misafara ilianza kutoka Goma, mji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, ikapita Rwanda, ikaingia kwetu mpaka Chato, na kutoka hapo askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania wakaendelea na safari za kurudi makwao. Hapa Kigoma hiyo haikuwa habari ya mbali. Anga ikiwa safi tunaiona milima ya Kongo ng'ambo, na kila Kivu inapowaka, maboti huwashusha watu kwenye fukwe zetu kabla redio haijasema kitu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo, na ingali ina Wakongo.

Swali la kupeleka tena wanajeshi ng'ambo litarudi. Vijiweni watu hugawanyika mara mbili, twende au tusiende, na ubishi unaishia hapo. Naona tunaruka jambo. Kwenda kwenyewe kuna namna tatu zilizotofautiana sana: chini ya Umoja wa Mataifa, yaani kofia ya buluu, chini ya SADC, au kwa makubaliano yetu wenyewe na nchi husika. Ya nne ni kubaki nyumbani na kulinda mpaka. Nimeziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mzazi mwenye kijana jeshini, na kwa mpiga kura anayetaka kumuuliza mbunge wake swali lenye meno.

Akiumia, nani anamtoa?

Mama mmoja anayeuza mawese soko la Mwanga ana kijana aliyepitia JKT Mtabila, pale Kasulu palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012, kisha akachukuliwa jeshini. Siku moja aliniuliza, "Hivi mwanangu, akiumia huko, anachukuliwa na ndege ya nani?"

Nikamwambia, "Inategemea, mama, amekwenda na nani."

"Basi niambie hao akina nani."

Sijasikia mtaalamu akianza na swali hilo, nami naona ndilo la kuanzia. Mengine yanafuata: nani analipa, amri inatoka wapi, askari akimkosea raia anashtakiwa kwa nani, na siku ya kuondoka imeandikwa wapi.

Kofia ya buluu

Njia hii tunaijua vizuri kuliko zote. Machi 28, 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kuingilia kati, FIB, ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo. Iliidhinishiwa askari 3,069, vikosi vyake vya miguu vikitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Haikuwa kazi ya kusimama katikati ya wagomvi na darubini mkononi. Azimio liliiruhusu brigedi kuyafuata makundi yenye silaha na kuyavunja. Agosti mwaka huohuo tulimpoteza meja wetu nje ya Goma. Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa.

Tuanze na fedha, maana hapo watu huchanganya mambo. Umoja wa Mataifa hulipa serikali, haumlipi askari mkononi. Kiwango kilichopitishwa 2022 kilikuwa dola 1,448 kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo inayoamua posho ya askari wake. Magari, mitambo na silaha tunazokwenda nazo hulipiwa pia, ila hukaguliwa: deraya likikaa bila kutembea, malipo yanakatwa. Naupenda utaratibu huo. Unailazimisha nchi kumpeleka kijana wake na gari linalowaka. Akifa au akipata ulemavu, upo mpango wa fidia unaojulikana, na mkubwa hawezi kuusogeza anavyotaka.

Sasa ndege. Umoja wa Mataifa una helikopta, una hospitali za ngazi mbalimbali, una mikataba ya kumsafirisha majeruhi hadi nchi nyingine. Kwenye karatasi hakuna anayeukaribia. Ila Watanzania tuna jina moja la kuweka mbele ya karatasi hizo: Semuliki. Jioni ya Desemba 7, 2017, waasi wa ADF waliivamia kambi yetu katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Mapigano yalikwenda kwa saa nyingi. Askari wetu 15 waliuawa, na waliojeruhiwa walizidi 40. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuta kwamba MONUSCO haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa askari waliozingirwa, na kwamba upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia ulikuwa kikwazo kikubwa. Uligusa pia mapengo katika mafunzo. Helikopta zipo katika misheni, lakini saa ya shida kambi moja porini inaweza kubaki peke yake.

Hata hivyo kuna jambo katika msiba ule ambalo njia nyingine hazikupi. Uchunguzi ulifanyika, na muhtasari wa matokeo ukatolewa hadharani. Mzazi wa askari aliyelala Semuliki anaweza kusoma nini kilikosekana. Anayechagua njia ya kumpeleka mwanawe vitani asiuchukulie huo kuwa ni urasimu tu.

Upande wa nidhamu ni hivyohivyo. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba unakirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya ushahidi wa awali kuonyesha kuwa 11 kati yao walihusika na unyanyasaji wa kingono dhidi ya wananchi waliokwenda kuwalinda. Iliniuma kusoma nchi yangu ikitajwa hivyo, na bado nasema ni heri ilitajwa. Azimio 2272 la 2016 linaruhusu kikosi kizima kurudishwa pale panapokuwa na ushahidi wa makosa yaliyoenea. Adhabu yenyewe hutolewa nyumbani, kwa sababu mlinda amani hushtakiwa na nchi yake, hivyo deni la haki kwa wanawake wale liko Dodoma na Dar es Salaam. Ila bila kofia ya buluu tusingejua kwamba deni lipo.

Kuna la kisheria ambalo kila anayeisifu FIB alijue. Mkataba wa Roma, ambao Tanzania iliuridhia 2002, unahesabu kumshambulia mlinda amani kuwa uhalifu wa kivita, ilimradi awe anastahili kinga anayopewa raia. Brigedi inapopewa kazi ya kushambulia, kinga hiyo inatetereka, kwa kuwa askari anayeshiriki mapigano ni mpiganaji mbele ya sheria za vita. Kofia inabaki buluu, lakini adui ana haki ya kuilenga. Wanaomwambia mzazi kwamba "ni ulinzi wa amani tu" wanamnyima habari anayostahili kupewa.

Mwisho, kofia zenyewe zinapungua. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na Uvira na Fizi, zilizo karibu sana na sisi upande wa kaskazini wa ziwa, zikabaki bila walinda amani. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza takriban robo ya walinda amani wake duniani kwa kukosa fedha. Anayesema "twendeni na UN" aseme pia UN ipi, na yenye akiba gani.

Bendera ya SADC

SADC ilikwenda Kongo Desemba 15, 2023. Ilikuwa na sababu. Kikosi cha Afrika Mashariki, ambacho Tanzania haikupeleka askari, kilikuwa kimeambiwa na Kinshasa kiondoke kwa madai kwamba hakiwashambulii waasi, na M23 walikuwa wamerudi na nguvu kuliko zile za 2013. SADC ni jamaa zetu, inajua siasa za hapa, na uamuzi wake haungoji kura ya turufu ya mkubwa yeyote huko New York. Kwa kasi ya kuanza, inaishinda UN.

Kwa kumtoa majeruhi, inashindwa vibaya. Misheni ilikwenda bila nguvu ya anga ya kutosha, ikitegemea michango ya nchi wanachama ambazo nazo zina mikono mitupu. Agosti 2024 Baraza la Usalama lililazimika kuiruhusu MONUSCO iwasaidie SAMIDRC kwa vifaa na usafiri. Aprili 8 mwaka huohuo kombora lilikuwa limeua askari wetu watatu. Kisha ikaja Januari 2025. Goma ilianguka tarehe 27. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, wengi wao wa SAMIDRC na baadhi wa MONUSCO, Malawi watatu, na JWTZ ikatangaza vifo vya wawili wetu. Waliobaki hai walikaa kambini Goma na Sake, wamezungukwa na walewale waliokwenda kuwapiga, uwanja wa ndege ukiwa mikononi mwa adui.

Majeruhi walisubiri wiki kadhaa, na mwishoni mwa Februari wakatolewa kwa njia ya Rwanda, nchi ambayo Umoja wa Mataifa na serikali ya Kongo wanasema inawasaidia M23. Mama wa Mwanga aliuliza ndege ya nani. Kwa SAMIDRC jibu lilikuwa barabara ya upande wa pili, tena kwa ruhusa ya upande wa pili.

Lawama hizi haziwahusu askari. Walioshikilia njia ya Sake kwa mwaka mzima wakiwa na vifaa pungufu wanastahili heshima kuliko waliyopewa. Nawalaumu waliotia saini. Na si mara ya kwanza kwetu: 1994 tulipeleka kikosi Liberia kuisaidia ECOMOG, kikosi cha nchi za Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata tukakirudisha kwa kukosa fedha na vifaa. Somo la kupeleka watu kabla ya mafuta kufika tulikuwa nalo mkononi miaka 30 kabla ya Goma.

Nidhamu nayo iko nyuma. Januari 2023 ilisambaa video kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, ikionyesha watu wenye sare wakitupa maiti kwenye moto, na kikosi cha SADC cha huko, SAMIM, kikasema kitachunguza. SADC haina daftari la wazi la malalamiko, linalotaja nchi na idadi, kama lile la Umoja wa Mataifa. Mwanakijiji wa Msumbiji au wa Masisi aliyetendewa ubaya anaanzia wapi? Nchi zinazotaka kuaminiwa na jirani zake zingejenga mlango huo kabla ya kununua mizinga.

Sisi na jirani tu

Cabo Delgado inatupa pia mfano wa njia ya tatu. Vita vilianza kule Oktoba 2017, vikavuka mto Ruvuma: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. SAMIM ilikaa kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Ilipoondoka, askari wetu walibaki upande wa Nangade kwa makubaliano ya Dodoma na Maputo. Rwanda ilikuwa imefika siku chache kabla ya SADC, kwa makubaliano yake, na baadaye Umoja wa Ulaya ukaipa euro milioni 20.

Hapa mambo ni mepesi kwa namna ambayo misheni kubwa hazijui. Kamandi ni moja, hakuna kungoja makao makuu ya nchi tatu zikubaliane kuhusu shabaha moja. Mto ni uleule, Wamakonde wako pande zote mbili, Kiswahili kinaeleweka, na majeruhi anaweza kufikishwa hospitali ya Mtwara bila kuomba anga ya mtu. Kwa usalama wa askari wa kawaida, umbali mfupi wa kurudi nyumbani una thamani ya helikopta nyingi.

Bei yake ni kwamba unalipa mwenyewe, na hakuna anayekuangalia. Vita vya Kagera tulivipigana hivyo. Amin alivamia Oktoba 1978, tukamtoa, tukaenda hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutulipia risasi hata moja. Foleni za sabuni na sukari zilizofuata zilikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo bei za mafuta, lakini gharama ya vita ilikuwa ndani yake, na kila mwenye umri wa wazazi wangu anazikumbuka. Kwa kuilinda ardhi yetu sina ubishi. Kwa kwenda nchi ya watu, makubaliano ya nchi mbili yasiyochapishwa yananitia hofu, kwa sababu hakuna muhtasari wa uchunguzi utakaokuja siku mambo yakiharibika.

Na kwa Kongo hesabu ni tofauti na Ruvuma. Goma iko mbali na Kigoma, na kati yetu kuna Burundi, Rwanda na ziwa. Ule ufupi wa njia unaoipa nguvu njia hii haupo.

Kubaki ziwani

Hili huitwa woga, na kuliita hivyo ni kutowatendea haki wavuvi wetu. Wanaotoka Kibirizi usiku na taa za karabai au za sola kutafuta dagaa wanajua maana ya kusimamishwa na boti yenye bunduki na kunyang'anywa injini. Injini ya boti ndiyo mtaji wa familia nzima, na ikienda, watoto wanabaki nyumbani shule zikifunguliwa. Doria ya kutosha kwenye maji haya, ikipangwa pamoja na Kongo na Burundi, ni wajibu wa kimataifa pia, maana ziwa ni la nchi nne, Zambia ikiwemo. Ila doria haizuii vita vya Kivu, na watu watazidi kuja. Warundi waliokimbilia kwetu 1972 tulikaa nao katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na takriban 162,000 walipewa uraia 2014. Kupokea tunajua. Kungoja kupokea tu, miaka nenda rudi, ni kuwaachia wengine waamue ukubwa wa Nyarugusu.

Sisi tulipolindwa na wengine

Katika mabishano haya Tabora husahaulika. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, kwanza Colito, Dar es Salaam, kisha kambi ya Kalewa pale Tabora. Mwalimu aliwaita Waingereza, wakawanyang'anya waasi silaha. Lakini hakutaka wakae. Aliitisha kikao cha nchi za Afrika, na Nigeria ikaleta kikosi kushika nafasi yao wakati sisi tunajenga jeshi jipya. Septemba 1, 1964 JWTZ ikazaliwa, na mwezi huohuo Wanigeria wakaenda zao.

Nchi moja ya Afrika, kwa mwaliko wa wazi, kwa kazi yenye mwisho unaoonekana: jeshi jipya likisimama, wao wanaondoka. SAMIDRC haikuwa na mwisho wa namna hiyo. Hakuna aliyeweza kusema ni kitu gani kikitokea Kivu askari watahesabu kazi imekwisha, na ndiyo maana mwisho wake uliamuliwa na M23.

Ningechagua ipi

Kwa Kongo naiweka kofia ya buluu mbele, nikijua yote niliyoyasema juu ya Semuliki. Inalipa, inakagua, inachunguza, na inataja jina. Sharti langu ni moja: kambi yoyote ya Watanzania iliyo peke yake porini iwe na mpango wa kuokolewa usiku uliojaribiwa kabla ya kukaliwa. Ikikosekana, ikaliwe na nchi nyingine au isikaliwe.

Kwa mpaka kama wa Ruvuma, makubaliano ya nchi mbili yanafaa kuliko yote, yakiwa na tarehe ya mwisho na yakifika bungeni. SADC ningeikubali siku fedha ziwe zimeshaingia na helikopta zimeshatua kabla ya askari wa kwanza kupanda gari. Zikiwa ni ahadi, hapana. Na doria ya ziwa iendelee, lolote litakalochaguliwa.

Mwenye kijana jeshini hachagui misheni, najua. Anachagua mbunge. Katiba yetu, ibara ya 148, inampa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuyatumia majeshi ndani au nje ya nchi. Afrika Kusini rais ana mamlaka kama hayo, lakini ibara ya 201 ya katiba yao inamtaka alieleze Bunge haraka mambo manne: sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Kwa sababu hiyo Februari 2024 raia wa kule walijua kwamba wanapeleka hadi askari 2,900 Kongo kwa takriban randi bilioni mbili, na Goma ilipoanguka walikuwa na namba za kuwauliza viongozi wao. Kenya inataka idhini ya Bunge kabla ya kikosi kutoka. Hakuna siri ya vita inayovuja kwa kutaja mambo hayo manne.

Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa kila mwaka katika Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni. Wabunge wa Kigoma na Tabora wana nafasi ya kusimama pale na kuuliza yale manne, kisha waongeze la tano, la soko la Mwanga: akiumia, anachukuliwa na ndege ya nani?